Uyoga, nyundo au Acropora: tumbawe gani kwa tangi dogo?

Sanduku la tangi langu la kufugia matumbawe lilisema lita 60. Nilipokwisha kupanga mawe na kumwaga mchanga, maji yaliyoingia yalikuwa madumu mawili ya lita 20 na ndoo moja ya lita 8, basi. Lita 48. Naanzia hapo kwa sababu ushauri mwingi kuhusu matumbawe hutoka kwa watu wenye matangi ya lita 300 au 400, na mwenye ndoo tano za maji hawezi kuishi kwa desturi za mwenye kisima.

Chukua mvuke peke yake. Hapa Reading, Uingereza, majira ya baridi, vyuma vya kupasha nyumba joto hukausha hewa, na tangi langu hupoteza karibu lita moja kwa siku. Maji huondoka, chumvi hubaki. Ukianza na gramu 35 za chumvi kwa lita, kesho yake umefika 35.7. Ukienda harusini Ijumaa ukarudi Jumatatu, unakuta 37.3, na samaki wanakutazama kama wadai. Dawa yake ni kujazia maji matamu yaliyochujwa kila siku, kwa mkono au kwa kipampu chenye kihisio. Usijazie maji ya chumvi, utakuwa unaongeza chumvi juu ya chumvi. Na hicho kipampu nacho kina siku yake ya kugoma.

Ndiyo maana tumbawe nalipima kwa siku yake mbaya: siku nimesafiri, siku hita imekwama, siku umeme umekatika. Siku njema kila tumbawe linapendeza. Tangi kubwa likikosewa hukupa siku mbili tatu za kujitambua. Dogo hukupa jioni moja.

Mafungu matatu

Wauzaji hugawa matumbawe mafungu matatu. Kuna laini, yasiyojenga kiunzi cha mawe: uyoga, ngozi, zoa, Xenia. Kuna magumu ya polipu kubwa (polipu ni kile kinywa chenye minyiri, ndiye mnyama mwenyewe), ambayo kwenye kibandiko cha bei huandikwa LPS. Humo mna nyundo, mwenge na mayai ya chura. Halafu kuna magumu ya polipu ndogo, SPS: Acropora, Montipora, Seriatopora, yale yenye matawi kama pembe, ambayo ndiyo yanayojaa kwenye picha za miamba ya bahari. Mgawanyo huu ni wa dukani kuliko wa maabara, ila kwa mnunuzi unafaa.

Nitalinganisha mmoja kutoka kila fungu, kwa kuwa yote matatu yamekaa kwangu, ndani ya tangi hilohilo. Uyoga ni Discosoma: sahani laini, nyekundu au buluu, iliyobanda kwenye jiwe. Niliununua kwa pauni 10. Nyundo huuzwa kwa jina la Euphyllia, ingawa wanasayansi wameshaihamishia kwenye jina la Fimbriaphyllia. Ni minyiri minene yenye ncha kama nyundo, ikitoka kwenye kiunzi kigumu. Yangu ilikuwa na vichwa vitatu, pauni 60. Acropora ilikuwa kijiti cha urefu wa kidole, ncha zambarau, pauni 25. Bei usiishike kama msahafu, hupanda na kushuka kwa rangi. Ila angalia kwamba Acropora haikuwa ghali kuliko nyingine. Gharama yake huja baadaye.

Yote ni wanyama. Ndani ya ngozi yake tumbawe huhifadhi mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao hutengeneza sukari kwa mwanga na kumlipa mwenye nyumba kodi yake. Maji yakizidi joto, mkataba huvunjika: tumbawe hutema mwani, rangi hupotea, kiunzi cheupe kinaonekana chini ya ngozi. Huko ndiko kupauka, kulikoua matumbawe mengi ya pwani yetu mwaka 1998 na kulikorudi mwaka 2016.

Jioni ya tarehe 19 Julai

Mwaka 2022, tarehe 19 Julai, Uingereza ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu waanze kupima. Kule Coningsby, Lincolnshire, kipimo kilisoma 40.3. Nyumba za huku zimejengwa kushika joto, na kiyoyozi ni nadra. Saa kumi na mbili jioni tangi langu lilikuwa nyuzi 30.8, wakati kawaida yake ni 25.5.

Nilifungua mfuniko, nikazima taa, nikaelekeza feni juu ya maji. Feni inasaidia kweli, maana maji yakigeuka mvuke hubeba joto lake: kufika saa sita usiku tulikuwa 28.9. Ila mvuke huo ni maji yaleyale, kwa hiyo nilikesha nikijazia kikombe kwa kikombe.

Uyoga ulijikunja ukawa kama kitufe cha shati. Siku ya nne ukafunguka, kana kwamba hapakuwa na neno.

Nyundo iliingiza minyiri yote ndani, ikabaki midomo ya mawe. Vichwa viwili vilirudi polepole. Rangi yake kamili ilichukua kama mwezi. Cha tatu kilishikwa na ule uteute wa kahawia unaonuka kama kamba walioachwa juani. Nilikikata kwa koleo siku hiyohiyo, maana uteute huo huhama kichwa hadi kichwa. Hapa kuna jambo la kukumbuka dukani: nunua nyundo ya matawi, ile ambayo kila kichwa kina shina lake. Kuna nyundo ya ukuta, ambayo ni mwili mmoja mrefu uliojikunjakunja. Ni nzuri zaidi, lakini ikianza kuoza upande mmoja huna pa kukata.

Acropora haikunisubiri. Asubuhi ya tarehe 20 ngozi ilikuwa inaning'inia kwenye matawi kama utando wa maziwa kwenye ncha ya kijiko, na kufika adhuhuri kijiti kizima kilikuwa cheupe. Miezi saba ya kukikuza, saa zisizofika ishirini kukimaliza.

Msomaji wa Dar au Mombasa atacheka kusikia nyuzi 30 zinaua. Ni kweli, pwani yetu ina matumbawe yanayofika huko kila Machi. Ila tumbawe lililokuzwa miaka kwenye nyuzi 25 halijazoea, na kupanda nyuzi tano kwa mchana mmoja ni jambo ambalo mwamba wa baharini ni nadra kulionja.

Mwanga na mkondo

Mwanga unaofaa mwani wa tumbawe hupimwa kwa kipimo kiitwacho PAR. Uyoga unatosheka na 50 hadi 100. Nyundo, 75 hadi 150. Acropora ndiyo kwanza inachangamka ikifika 200, na wengi huipa 250 hadi 350. Tafsiri yake kwa mfuko: taa ya LED iliyokuja na tangi mara nyingi inauweza uyoga, na nyundo ikiwekwa katikati. Acropora itakudai taa nyingine, na taa hiyo inaweza kuzidi bei ya tangi lenyewe.

Wageni wengi hukosea kwa upande wa pili. Wanauweka uyoga juu kabisa chini ya taa kwa kuwa "unapenda mwanga", unapauka, wanadhani maji ni mabaya, wanaanza kumwaga dawa. Uteremshe tu.

Mkondo ni hivyohivyo. Uyoga hupenda maji yaliyotulia; ukipigwa sana hung'oka na kupeperuka mpaka nyuma ya mawe, utausahau huko mpaka ukute watoto wake. Nyundo inataka minyiri yake iyumbe kama mpunga kwenye upepo mdogo. Ukiona imelazwa upande mmoja saa zote, punguza, maana ngozi yake hukatwa na kingo za kiunzi chake mwenyewe. Acropora inataka mkondo wa nguvu unaobadilika upande. Jaribu kuutengeneza mkondo huo ndani ya lita 48 uone mchanga unavyohamia kona moja kama ufuko baada ya kusi.

Kijiko cha magadi

Sehemu hii ndiyo ninayotaka uisome mara mbili, kwa sababu dukani hawaielezi.

Tumbawe gumu hujenga kiunzi kwa kalsiamu na kaboneti linazozivuta majini. Ualkali wa maji, ambao ndio akiba hiyo ya kaboneti, hupimwa kwa digrii za dKH. Maji ya bahari yana karibu 7. Wafugaji wengi hushika 8 au 9. Uyoga haujengi kiunzi, kwa hiyo hauli akiba hiyo. Kubadilisha lita 5 za maji kila wiki kunatosha, na chumvi mpya huleta kila kilichopungua.

Nyundo yangu, pamoja na ule mwani mwekundu mgumu unaoota kwenye mawe, hula karibu dKH 1 kwa wiki. Hilo nalo linabebeka: maji mapya kila wiki, na dozi ndogo mara mbili.

Acropora zikishakua zikawa nne au tano zaweza kula dKH 1 kwa siku. Kwa wiki ni 7. Kubadilisha sehemu moja ya kumi ya maji hakukurudishii hata 1 kati ya hizo. Lazima ulishe kila siku, kiasi kilekile, saa ileile, na upime.

Na hapa ndipo udogo unapouma. Kupandisha dKH 1 katika lita 48 kunataka kama gramu 1.4 za magadi soda, yaani sodiamu baikaboneti. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba kama gramu 5. Ukiwa na usingizi ukamimina kijiko kimoja, umeruka dKH 3.5 kwa mkupuo, na Acropora huungua ncha zake zikageuka nyeupe. Kijiko hichohicho kwenye tangi la lita 400 kingepandisha 0.4 tu, tena mwenyewe asijue. Kosa ni moja, hukumu mbili.

Kwa hiyo hesabu ya vipimo iko hivi. Ukifuga laini: chumvi na joto kila siku mbili tatu, nitrati (mabaki ya uchafu wa samaki na chakula) mara mojamoja. Ukiongeza nyundo: hayo pamoja na dKH kila wiki. Ukienda Acropora: dKH kila siku au kila baada ya siku moja, kalsiamu ikae kati ya 400 na 450 kwa lita, magnesiamu 1,250 hadi 1,350, fosfati kati ya 0.03 na 0.1, zote kwa miligramu. Kuna watu hufurahia kazi hii. Mfanyakazi mwenzangu ana daftari lenye mistari ya kalamu nyekundu na buluu, kila jioni anatikisa vichupa vyake kama mfamasia, na matumbawe yake ni mazuri kupindukia. Mimi nikitoka zamu ya usiku nataka kulala.

Jambo moja linalowaponza wote: kutafuta maji yasiyo na nitrati kabisa. Maji safi kupita kiasi hulaza matumbawe njaa, na tangi likaotwa na utando wa kahawia wenye viputo, ambao ni mgumu kuuondoa kuliko mwani wa kijani. Uyoga unapenda maji yenye uchafu kidogo. Nitrati 5 hadi 20 haziusumbui.

Majirani

Mtu hununua vipandikizi vitano, yaani vipande vya matumbawe, anavipanga kama vikombe kabatini, vinapendeza. Baada ya mwaka vinapigana.

Nyundo hutoa usiku minyiri mirefu, myembamba, yenye sumu, ikapapasa jirani. Mpe nafasi ya sentimita 15 pande zote. Nyundo na mayai ya chura kwa kawaida hugusana bila ugomvi, ni ndugu. Mwenge usiuchanganye nao, huwachoma. Galaxea, ambayo hata kwenye miamba ya kwetu ni ya kawaida, ina minyiri inayofika mbali kuliko hiyo, na kwenye tangi dogo inageuka kuwa mtawala. Mimi siinunui hata kwa bei ya kutupa.

Laini nazo zina vita vyake, ila ni vya kemikali. Tumbawe ngozi humwaga majini vitu vinavyowadhoofisha majirani, na wa kwanza kuumia ni Acropora. Mwenye tangi kubwa maji yake yanavipunguza makali. Kwenye lita 48, weka mfuko wa kaboni iliyoamilishwa na uubadilishe kila mwezi. Ukiniuliza kama unaweza kuchanganya mafungu yote matatu ndani ya tangi dogo, nitakwambia watu wanafanya, na wengi wao baada ya miaka miwili wamebaki na fungu moja, na silo walilolilipia fedha nyingi.

Halafu kuna kuzaana. Xenia hufumba na kufumbua polipu zake kama viganja vya mtoto. Wageni wakija hawatazami kingine. Lakini huota kila mahali, mpaka kwenye kioo na bomba la pampu. Ukiitaka, iweke kwenye jiwe la peke yake, mbali na mengine, lizungukwe na mchanga. Kuna nyingine dukani huitwa mti wa Kenya, Capnella kwa jina la kitaalamu. Rafiki yangu wa Kisumu alisikia jina hilo akaona lazima awe nao, nikampa kipandikizi. Mti huo hudondosha vijitawi, na kila kijitawi hushika jiwe kikawa mti. Mwaka uliofuata alikuja na mfuko wa vipandikizi kumi na kimoja. "Kaka, chukua watu wako," akaniambia.

Zoa, na watoto ndani ya nyumba

Zoa ni vile vimaua vidogo vya rangi kali, vingi kwenye jiwe moja, rahisi kufuga na bei nafuu. Kwa ugumu wa maisha ningeviweka sawa na uyoga. Ila baadhi yao, hasa jamaa zao waitwao Palythoa, wana sumu ya palitoksini, ambayo ilitengwa mara ya kwanza mwaka 1971 kutoka Palythoa ya Hawaii. Ni miongoni mwa sumu kali kabisa zinazotoka kwa viumbe. Watu wameugua nyumbani kwa kuyachemsha mawe yenye Palythoa wakitaka kuyasafisha, mvuke ukaingia mapafuni. Wengine kwa kuyasugua kwa brashi ikawarukia machoni. Usichemshe jiwe la tangi, usilimwagie maji ya moto. Kata ukiwa na glavu na miwani, nawa mikono, na kama una mtoto anayefikia tangi, anza na uyoga, zoa zisubiri.

Maji yenyewe

Hapa nitapita haraka. Maji ya bomba ya Reading ni magumu. Kipimo changu husoma zaidi ya 300, na birika langu la chai lina ukoko wa chokaa kama sufuria ya uji. Hayafai. Ama ununue chujio la osmosisi, ama ununue maji ya chumvi yaliyotengenezwa tayari dukani. Kwa tangi kubwa maji ya dukani yangekufilisi. Kwa lita 5 kwa wiki, kubeba dumu moja ni rahisi kuliko kufunga mabomba kwenye nyumba ya kupanga. Hii ni mojawapo ya sehemu chache ambapo udogo unakufaa. Maji yaliyokaa kwenye mabomba ya shaba uyaogope: shaba kidogo tu huua tumbawe na kamba, hata kama samaki hajali.

Na usinunue tumbawe lolote kabla tangi halijakaa wiki nne hadi sita likiwa na mawe na maji tu, bakteria waote na amonia ishuke mpaka sifuri.

"Si uje ung'oe huku?"

Nilipompigia baba mdogo Tanga nikamsimulia bei ya nyundo, alinyamaza kwanza.

"Pauni sitini. Tumbawe."

"Ndiyo, ba'mdogo."

"Mwanangu, sisi tumbawe tulikuwa tunachomea chokaa."

Kweli, nyumba ngapi za pwani zimesimama kwa chokaa ya matumbawe. Naye akauliza lile ninaloulizwa na kila mtu wa nyumbani: bamvua likipwa pale Raskazone mtu si anaokota tu? Hapana. Kung'oa tumbawe hai ni kosa kisheria Tanzania na Kenya pia. Na matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo nyundo, Acropora, hata kiunzi kikavu ulichookota ufukweni, hakivuki mpaka bila kibali. Watu hunyang'anywa uwanja wa ndege wakidhani wamebeba zawadi. Uyoga na Xenia hazimo kwenye orodha hiyo, lakini hilo halikupi ruhusa ya kuzitoa baharini.

Mimi nilikulia mji ambao mlio wa baruti baharini ulikuwa kama adhana ya saa isiyo yake, na najua mwamba uliopigwa unafananaje: kifusi cha mifupa, kijivu, samaki hakuna. Kwa hiyo nanunua vipandikizi tu, vile vilivyokatwa kutoka kwenye tumbawe lililokuzwa tangini na kubandikwa kwenye kigingi cha udongo. Vina faida nyingine ya kibinafsi: vimeshazoea taa na chumvi ya mfuko, havifi ovyo kama vile vilivyotoka baharini wiki iliyopita. Muulize muuzaji ni kipi kati ya hivyo. Anayejikanyaga kanyaga, ondoka.

Msomaji uliye Dar, Mombasa au Unguja, kwa bei ya taa moja ya Acropora unaweza kwenda Chumbe, Watamu au Mafia na miwani ya kuzamia mara nyingi tu. Kama bado unataka tangi, fikiria mgao wa umeme kabla ya rangi. Pampu ikisimama, hewa majini huanza kupungua baada ya saa chache, na samaki ndio wa kwanza kupanda juu kutweta. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni ya lazima. Uyoga utavumilia usiku wa giza, nyundo itanuna, Acropora nisingeithubutu.

Ningenunua nini

Kama ndilo tangi lako la kwanza, na liko chini ya lita 80: uyoga wa aina mbili, tumbawe ngozi dogo moja, na subiri. Miezi sita ikipita bila balaa, ongeza nyundo ya matawi yenye vichwa viwili, iweke katikati, mbali na kila kitu. Hapo una tangi ambalo mgeni atasimama mbele yake, na ambalo unaweza kuliacha siku tatu kwa jirani mwenye maelekezo ya mstari mmoja: jazia maji mpaka kwenye alama.

Wewe unayependa minyiri inayocheza na huvutiwi na uyoga, anza na nyundo moja kwa moja, si dhambi. Ila nunua kipimo cha dKH siku hiyohiyo. Mwenge achana nao mwaka wa kwanza. Ni mzuri kuliko nyundo, ni ghali zaidi, na kwangu umekufa mara mbili bila kunieleza sababu.

Ukitaka matawi lazima, jaribu Montipora digitata kabla ya Acropora. Ni SPS lakini ina roho ngumu kiasi, hukua haraka, ikipauka inarudi. Ikikaa mwaka mzima mkononi mwako, na ukajikuta unapima dKH bila kulalamika, Acropora utaiweza, hata kwenye lita 48, wapo wanaoiweza. Ila panga pia hita yenye kidhibiti cha nje, maana hita ya bei rahisi ikiharibika mara nyingi hugoma ikiwa imewaka, na lita 48 huchemka upesi.

Lolote utakalochukua, kabla halijaingia liogeshe kwenye dawa ya kuua wadudu dakika zilizoandikwa kwenye chupa, na ulitazame kwa tochi. Kwenye kitako cha Acropora kuna minyoo bapa wanaofanana nayo rangi, huwaoni mpaka umeshachelewa. Dawa haiui mayai yao. Yale ni ya kukwangua kwa kisu.

Tangi langu leo lina uyoga kumi na tisa, kwa hesabu ya jana, na nyundo iliyokua ikawa ya vichwa vitano. Kiunzi cha ile Acropora sikukitoa. Kiko kona ya kulia, na uyoga mmoja mwekundu umekipanda hadi nusu, umefunika matawi mawili, na unaelekea la tatu.